Nambari Inajua Mwaka, Haijui Mkono

Ukitaka kujua umri wa bastola ya zamani, usianze kwa kuuliza ilikuwa ya nani. Anza kwa kuhesabu skrubu.

Nazungumzia bastola moja tu, na sijawahi kuishika. Niliiona kwa picha kumi na nne. Iko Marekani, anayeiuza yuko Marekani, na mimi niko huku Nairobi na laptop na bando inayoisha. Kazi yangu ni kuandika: leo maelezo ya sufuria, kesho makala ya daktari wa meno, keshokutwa vitu vya kale vya kuuzwa mnadani. Wengi wenu mnaijua hii kazi. Kama hauko ndani yake, basi unaishi na mtu aliye ndani yake. Mteja huyu alitaka maneno mia tatu kwa kila kitu: ni nini, ni cha lini, kiko katika hali gani. Halafu mwisho wa fomu yake kulikuwa na sehemu moja zaidi, imeandikwa tu "Hadithi yake."

Swali langu linatoka kwa hiyo sehemu ya mwisho. Je, kuna ubaya kumtungia kitu mwenyewe wa zamani, kama mwenyewe hajulikani na hakuna wa kukanusha? Lakini kabla ya hapo lazima tuhesabu skrubu, kwa sababu swali halina uzito hadi uone ni mengi kiasi gani yanaweza kujulikana bila kubahatisha.

Ni bastola ya Smith & Wesson, kampuni iliyokuwa Springfield, jimbo la Massachusetts. Ni ile aina ya silinda inayozunguka, risasi sita. Mtutu ni wa inchi sita, mrefu mno kwa mtu anayetaka kuficha kitu kiunoni. Kilengeo cha nyuma kinarekebishwa kwa skrubu ndogo, juu-chini na kushoto-kulia, na cha mbele ni kipande cha chuma kilichosimama wima kama ukuta. Hizo ni dalili za bastola ya shabaha, iliyotengenezwa kutoboa karatasi. Jina lake la kiwandani ni K-38 Target Masterpiece, na ilianza kutengenezwa mwaka 1947, vita vikuu vikiwa vimeisha na viwanda vikirudi kwa biashara ya raia.

Sasa umri. Nambari ya mfululizo inaanza na herufi K, na hiyo K kampuni ilianza kuitumia kwa bastola za ukubwa huu baada ya vita. Kwa hivyo si ya kabla ya hapo. Halafu skrubu. Bastola hizi mwanzoni zilikuwa na skrubu tano: nne zikishika kifuniko cha ubavuni na moja mbele ya kifyatulio. Karibu mwaka 1955 ile ya juu kabisa ya kifuniko iliondolewa, zikabaki nne. Karibu mwaka 1961 ile ya mbele ya kifyatulio nayo ikaondolewa, zikabaki tatu. Yetu ina nne. Tayari tuko kati ya 1955 na 1961.

Bado kuna dalili moja. Ukiisukuma silinda itoke nje, kunaonekana sehemu ya fremu ambayo kawaida imefichwa. Mwaka 1957 kampuni iliacha kutegemea majina matamu ikaanza kuzipa bastola zake nambari za modeli. K-38 ikawa Modeli 14, na nambari hiyo ikapigwa muhuri hapo hapo kwenye sehemu iliyofichwa. Kwa yetu, sehemu hiyo ni safi. Hakuna muhuri. Basi dirisha linakuwa dogo: takriban 1955 hadi 1957. Unasema takriban kwa sababu kiwanda hakitupi vipuri vya jana, huvitumia hadi viishe, na pia bastola hazikutoka ghalani kwa kufuata mpangilio wa nambari zake. Ukitaka tarehe yenyewe, kuna wakfu wa historia wa kampuni ambao ukilipa ada wanakutafutia kwenye rekodi za zamani siku ambayo bastola ilitoka kiwandani na duka ilikopelekwa.

Sisi Wakenya tunaelewa haya mambo vizuri kuliko tunavyodhani. Gari likipita unasoma plate na unajua: hiyo ni ya KAA, ni mzee, hiyo ni ya KDA, ni ya juzi. Lakini pia unajua plate inasema tu gari lilisajiliwa lini hapa kwetu. Sheria inaruhusu gari kuukuu kuingia mradi halijapita miaka minane, kwa hivyo gari "jipya" la jirani linaweza kuwa limeshazunguka Japani miaka saba likibeba watoto wa mtu mwingine shuleni. Nambari inakuambia siku ambayo kitu kiliandikwa kwenye kitabu. Haikuambii kilifanya nini.

Na hapo ndipo tunafika kwa mpini.

Mpini wa bastola hii si wa kiwandani. Wa kiwandani ungekuwa vipande viwili vya mbao, na upande wa ndani wa kipande cha kulia ungekuwa na nambari ile ile ya bastola, kama ndugu wenye jina moja la baba. Huu ni mpini mnene wa mti wa jozi, umechongwa kwa mkono. Umejaza ile nafasi tupu nyuma ya kifyatulio ili kidole cha kati kisibonyee. Upande wa kushoto una kijirafu cha kuegemeza kidole gumba, maana yake aliyeutumia alishika kwa mkono wa kulia. Chini umezidi fremu na kuifunika, na nambari ya mfululizo kwa kawaida imepigwa huko chini. Ili muuzaji aisome ilibidi afungue mpini autoe. Hiyo picha niliiangalia muda mrefu: chuma chembamba, uchi, na kando yake mbao zenye umbo la kiganja.

Kulikuwa na watu waliojulikana kwa kazi hii. Walter Roper alibuni mipini ya shabaha ambayo mchongaji Matt Gagne aliichonga, na leo wakusanyaji wanaitafuta kwa tochi. Steve Herrett wa Twin Falls, Idaho, alikuwa anachukua oda kwa posta: mteja aliweka mkono wake juu ya karatasi, akauzungushia penseli kama mtoto wa nasari, akatuma. Hebu fikiria hilo kidogo. Barua inaenda mamia ya maili, na ndani yake kuna alama ya mkono wa mtu ambaye mchongaji hatawahi kukutana naye.

Mpini wetu hauna sahihi ya yeyote. Una michoro ya vimraba vidogo vya kuzuia kuteleza, na mahali kiganja kinapokaa vimraba hivyo vimelika hadi vikawa laini. Pia una kipande chembamba cha mbao ya rangi nyingine, kimegundishwa baadaye sehemu ya chini ya kiganja, kikapigwa msasa hadi kikalingana.

Kwa nini mtu ajisumbue hivyo? Kwa sababu mashindano ya shabaha ya Marekani ya wakati huo yalikuwa ya mkono mmoja. Unasimama, mkono umenyooka, mwingine mfukoni. Kuna awamu ya risasi tano kwa sekunde 20, na nyingine ya risasi tano kwa sekunde 10, na kwa bastola kama hii unavuta nyundo nyuma kwa kidole gumba kabla ya kila risasi. Mara tano kwa sekunde kumi, na kila mara mkono urudi pale pale ulipokuwa. Kama mpini unateleza hata upana wa ukucha, karatasi itakusema. Kwa hivyo huu mpini ulikuwa sehemu ya mazoezi, na mazoezi yenyewe yalikuwa mengi hadi yakala mbao.

Kwa wakusanyaji wengi, hata hivyo, mpini kama huu, usiokuwa na jina la mchongaji, ni kasoro. Wanataka bastola iwe kama ilivyotoka kwenye sanduku. Neno wanalotumia ni "halisi," na halisi kwao ni kile ambacho hakijaguswa sana. Ile mbao ya kiwandani iliyopotea ingeongeza bei. Hii aliyoichonga mtu inashusha. Nilikaa na hilo wazo siku mbili. Jembe la nyanya yako huko ocha likiwa na mpini uliong'aa kwa miaka ya viganja vyake, hakuna mtu atakwambia si halisi kwa sababu mpini ulinunuliwa sokoni, mbali na chuma. Ukweli ni kwamba kwa jembe, chuma ni cha yeyote. Mpini ndio wake.

Ndio maana niliandika sehemu tatu za kwanza kwa raha. Nilitaja K, skrubu nne, muhuri usiokuwepo, kijirafu cha gumba, vimraba vilivyolika, kile kipande kilichogundishwa. Sehemu ya nne, ya hadithi, niliiacha na sentensi moja: mwenyewe hajulikani.

Mteja akajibu usiku huo huo. Mtu mpole, nisimseme vibaya. Akasema kazi ni safi, lakini watu hununua kwa moyo. Ongeza kitu. Labda alikuwa askari aliyeshinda medali. Labda baba aliyemfundisha bintiye. Hakuna jina, kwa hivyo hakuna mtu atakayeumia. Kwa hadithi nzuri angelipa dola tisa badala ya sita.

Hoja yake si ya kipumbavu, na nataka kuipa haki yake kabla ya kuipinga. Kwanza, hadithi ingekuwa na uwezekano. Askari wengi wa Marekani walishiriki mashindano hayo, na K-38 ilipendwa nao. Pili, mnunuzi anapata chuma kile kile. Tatu, sisi sote huishi kwa hadithi za namna hii. Ukitafuta gari mtandaoni hapa Nairobi utaambiwa liliendeshwa na mama mmoja tu, kwenda kanisani na kurudi. Hakuna anayeamini, na bado tunapenda kuambiwa. Nne, na hii ndiyo iliyoniuma, nani hasa anadhulumiwa? Mtu aliyekufa bila jina hawezi kulalamika.

Mwanafalsafa Immanuel Kant aliandika mwaka 1797 kwamba uongo ni kosa hata ukisemwa kwa wema, hata mbele ya mtu mbaya. Wengi tuliosoma hata muhula mmoja wa falsafa tulimcheka kwa ugumu huo, na mimi bado nadhani alizidisha. Ningemdanganya mwenye panga mlangoni bila kufikiria mara mbili. Kwa hivyo sitamtegemea Kant hapa. Nina sababu zangu tatu.

Ya kwanza ni kile kipande kilichogundishwa. Ukikiangalia, unaweza kusema mwenyewe alinenepa, au alizeeka na vidole vikavimba, akaongeza mbao ili mpini uendelee kumfaa. Hiyo ni hadithi ya uaminifu wa miaka mingi, inatoa machozi. Lakini ushahidi ule ule unasema kitu kingine: bastola ilipata mwenyewe wa pili, mwenye mkono mkubwa, na huyo wa kwanza alikuwa ameshaondoka. Mtu mmoja au wawili? Mbao haisemi. Nikiandika ya kwanza kwa sababu inauza, nimemfuta mtu ambaye huenda alikuwepo. Kutunga hapo hakujazi pengo peke yake. Kunafukia pia njia ambayo mtu mwingine angeitumia kutafuta. Kesho mnunuzi ataiuza pamoja na karatasi yangu, na karatasi itaitwa ushahidi. Wakusanyaji wenyewe wana msemo wa kuonyana: nunua bunduki, usinunue hadithi. Hawangekuwa na msemo huo kama hadithi za uongo hazikuwa zimewala pesa.

Ya pili ni kwamba hii ni bunduki. Kama ingekuwa saa ya ukutani, labda ningelegea. Lakini swali la "nani aliishika" linapokuwa la silaha, kwetu huku si pambo. Afisa anapochukua bunduki kituoni anatakiwa kutia sahihi kwenye kitabu: silaha ya nambari gani, risasi ngapi, saa ngapi. Kufikia 1 Julai 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilikuwa imehesabu watu 39 waliouawa kwenye maandamano yale tunayoyakumbuka sote. Mama anayetafuta haki kwa mtoto wake anatafuta kitu kimoja tu ambacho nambari peke yake haiwezi kumpa: mkono. Nambari ipo. Bunduki ina mwaka, ina modeli, ina kiwanda. Anachotaka ni jina la aliyeishika saa hiyo, na anaweza kulisubiri miaka. Mtu aliyeona hilo kwa karibu hawezi kukaa chini na kuandika jina la mkono kama mtu anayechagua rangi ya pazia. Ninajua bastola ya Massachusetts ya 1956 haikuhusika na Kenya. Huenda haikutoboa kitu maishani isipokuwa karatasi, na hayo ndiyo mashimo ninayotumaini ilitoboa. Lakini sijui. Nikimpa mwenyewe medali, nimemtakasa bila kusikiliza kesi. Nikimpa dhambi, nimemhukumu vivyo hivyo. Wafu wasiojulikana wana haki ya kuachwa bila hukumu.

Ya tatu ni yangu. Niliacha chuo kabla ya kumaliza, kwa sababu ambazo hazihusu mtu, na tangu hapo nina pengo kwenye wasifu wangu wa kazi. Kila mtu ana ushauri kuhusu lile pengo. Andika ulikuwa unafanya utafiti. Andika ulikuwa unamuuguza mtu. Weka kitu, bana, pengo linaonekana vibaya. Wanaosema hivyo wananipenda. Lakini nikiwasikiliza ninahisi kwamba ile miaka halisi, yenye kazi za usiku na kodi ya nyumba na vitabu nilivyosoma bila mtihani, inapakwa chokaa ili ukuta upendeze. Pengo ni tupu kwa anayelisoma, aliyeliishi anajua lilijaa nini. Yule mtu wa mpini pia alikuwa na miaka yake, imejaa kitu. Sikijui, na kutokijua kwangu hakunipi ruhusa ya kumpangishia maisha mengine.

Nilimwandikia mteja kwamba sitatunga, ila naweza kuandika hadithi ya kile kinachoonekana. Nikaijaza ile sehemu ya nne hivi: Mtu mwenye mkono wa kulia aliishika bastola hii mara nyingi kiasi cha kufuta michoro ya mbao. Alijali kupiga mahali pamoja. Wakati fulani yeye, au aliyekuja baada yake, aliona mpini haumtoshi, akaongeza mbao kwa uangalifu. Jina halijulikani.

Alinilipa zile sita. Baadaye nilisikia vitu vilivyobaki vimepewa mwandishi mwingine, na sina ugomvi naye. Huenda alikuwa na watoto wa kulisha. Sidai kwamba nilichofanya ni ushujaa. Tofauti ilikuwa dola tatu. Lakini mambo mengi ya ukweli na uongo maishani huja kwa bei ya namna hiyo, bei ya chapati mbili tatu na maharagwe, na hayaji yakiwa na kengele.

Kuna jambo lingine wanalolifanya wakusanyaji ambalo nililipenda. Wakifungua mpini wa bastola ya zamani huangalia kwanza chini ya mbao, kwa sababu mara nyingine mwenyewe aliacha kikaratasi: jina, mji, mwaka. Kwa yetu, picha inaonyesha vumbi tu na mafuta yaliyokauka. Alikuwa na mahali pa kusema, hakusema. Pengine hakudhani kuna atakayetaka kujua.

Sisi bado tuna muda. Kwenu kuna cherehani ya mama, kuna redio ya babu, kuna panga ambalo mpini wake umefungwa mpira wa tairi na mtu mwenye sababu yake. Mwenyewe akiwa hai, muulize, na umuulize kabla hujaanza kumtungia. Andika anachosema kwenye kikaratasi, pamoja na tarehe, kisha ukifiche mahali ambapo atakayekuja kufungua atakiona.